SOMO LA ROBO HII: TUANZE NA MBEGU ZA MAUA



Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yanapopungua bondeni ndipo huanza kilimo cha mlau, yaani kupanda mahindi na kunde kwenye udongo ulioachwa na unyevu. Lakini mlau hausubiri. Kaya ambayo mbegu zake zimeloa hulazimika kununua, kuomba, au kuacha shamba likauke bila kupandwa. Ndiyo maana somo hili linahusu uhifadhi wa mbegu nyumbani.

Tunaanza na maua yaliyo kwenye makopo barazani, kwa sababu anayekosea kwenye ua hapotezi chakula cha watoto. Akishalimudu ua, ataimudu na kunde.

Kwa nini mbegu hufa?

Mbegu ni kitu hai kilicholala. Unyevu na joto huichosha kabla ya kupandwa, na hewa yetu ya pwani ina vyote viwili. Wataalamu hutumia kanuni hii: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka takriban mara mbili. Joto la Ikwiriri hatuwezi kulipunguza, ila kukausha tunaweza.

Hatua za kufuata

1. *Chagua mama.* Weka alama ya uzi kwenye mmea wenye afya na maua mazuri. Usingoje kuokota mabaki ya mwisho wa msimu.

2. *Vuna zilizokomaa.* Mrehani huvunwa vikonyo vikishakuwa vya kahawia. Ua linalofunguka jioni hutoa mbegu nyeusi, moja moja, kama pilipili manga. Zichume zikianza kudondoka. Maua ambayo maganda yake hupasuka yakiguswa, yafunge kwa kitambaa chepesi kabla hayajapasuka.

3. *Kausha kivulini.* Tandaza kwenye karatasi au ungo, penye upepo, kwa wiki moja hadi mbili. Usianike juu ya bati la moto. Mbegu iliyokauka huvunjika, ikipinda, bado.

4. *Funga.* Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Weka ndani kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa bila mafuta kisha ukapozwa ndani ya chombo kilichofungwa; mchele huo hunyonya unyevu. Kwa kunde, changanya pia majivu makavu yaliyochekechwa ili kuzuia fukusi.

5. *Andika* jina na tarehe kwa penseli, uweke karatasi ndani ya chupa.

6. *Pima kabla ya msimu.* Funga mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa siku 7 hadi 10. Zikiota 8 au zaidi, ni nzuri. Zikiota chini ya 5, tafuta nyingine mapema.

Tahadhari

Asumini na bogenvilia hupandwa kwa vipandikizi, hivyo msihangaike na mbegu zake. Mbegu ya embe haivumilii kukaushwa, ipandwe mara. Mbegu chotara za dukani zikirudiwa hutoa mimea isiyofanana na mama. Aidha, mbegu za maua kadhaa ni sumu, likiwemo lile linalofunguka jioni, hivyo chupa ziwe mbali na watoto.

Mahali pa kuweka

Tangu Operesheni Rufiji ya miaka ya 1968 na 1969, familia nyingi huishi juu na kulima bondeni, zikihamia kwenye madungu wakati wa kilimo. Mbegu zote zikipelekwa dunguni, maji yakija zinakwenda zote. Hivyo basi, gawa mara mbili: sehemu moja iende shambani, nyingine ibaki juu kwa ndugu au jirani. Chupa iliyofungwa vizuri hustahimili hata kumwagikiwa maji, kiroba hakistahimili.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Katika eneo letu, ni nani aliyekuwa na mbegu baada ya mafuriko ya 2024, na alizihifadhi wapi?
- Ni nyumba ipi iliyo juu inayoweza kutunza akiba ya majirani, wakiwemo wasio waumini wetu?
- Nani atapima uotaji, na lini?

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: msaada wa mbegu baada ya maafa ni wa thamani, lakini mara nyingine huja mlau umekwisha kupita. Chupa tupu zenye vifuniko, zikitolewa kabla ya masika, huiwezesha kaya kupanda siku ileile udongo unapokuwa tayari.