Ujazo wa Gorogoro: Hesabu ya Mcheduara Sokoni Meru na Embu

Mnunuzi anayefika soko la Gakoromone mjini Meru, au la Siakago katika Embu, hupimiwa ndengu kwa gorogoro, nao mkebe huo huitwa "wa kilo mbili". Hapa pana mkanganyiko wa istilahi unaostahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Kilo ni kipimo cha uzito, ilhali mkebe hupima ujazo, yaani nafasi inayojazwa. Gorogoro ya mahindi na ya ndengu zikipandishwa mizani, hazilazimiki kulingana.

Kwa umbo, gorogoro ni mcheduara. Istilahi hii huwatatiza wengi, kwa kuwa katika maeneo haya neno mche humkumbusha mtu kahawa kitaluni. Afadhali mwalimu aanze na mche wa sabuni: popote uukatapo kwa kuukingama, uso wa mkato haubadiliki. Uso huo ukiwa duara, tumepata mcheduara. Ujazo wake basi ni eneo la kitako mara kimo. Nalo eneo la duara ni pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo.

Tuchukulie mkebe wenye kipenyo cha sm 14 na kimo cha sm 15. Nusukipenyo ni sm 7. Pai ikiwa 22/7, eneo la kitako ni sm² 154, na ujazo ni 154 × 15 = sm³ 2,310. Lita moja ni sm³ 1,000. Kwa hiyo mkebe huchukua lita 2.31.

Sasa kitako kisukumwe ndani sm 1 kwa usawa, hila ambayo wanunuzi huilalamikia. Kimo cha ndani kinabaki sm 14, na sm³ 154 zimekwenda. Jicho halitambui upesi, maana mdomo wa mkebe ni uleule. Anunuaye gorogoro 10 hupunjwa sm³ 1,540, ambazo ni thuluthi mbili za gorogoro nzima!

Kosa jingine huzuka katika kugeuza vipimo. Ajuaye kwamba mita 1 ni sm 100 huandika kuwa m³ 1 ni sm³ 100. Amesahau kwamba ujazo una pande tatu: 100 × 100 × 100 = sm³ 1,000,000, yaani lita 1,000. Tazama tangi la maji ya mvua lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1.5. Limeuzidi mkebe wetu mara kumi kwa kipenyo na kwa kimo, na hata tarakimu zafanana: m³ 2.31. Lakini hizo ni lita 2,310, yaani gorogoro 1,000, wala si 10.