Mafunzo Niliyopata Kwenye Daftari la Maombi

Mimi ni katibu wa jumuiya moja ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Mbagala, wilayani Temeke. Tunakutana Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na kwenye vibarua. Naandika mahudhurio, sadaka na mahitaji ya maombi. Daftari la mahitaji limenifundisha sala kuliko semina nyingi nilizohudhuria, kwa sababu humo mtu anaweka wazi anachokitaka kwa Mungu, na ukikaa naye vya kutosha unajua pia kwa nini anakitaka.

1. Kuwa na shida hakuichafui sala

Wapo wanaofundisha kwamba Mkristo aliyekomaa haombi vitu, anamtafuta Mungu mwenyewe tu. Sikubaliani nao. Kwenye daftari langu kuna kodi ya miezi sita, ada ya kidato cha tano, bodaboda ya mkataba iliyokamatwa, na siku hizi mikopo ya kausha damu karibu kila wiki. Mama anayejua kwamba kesho saa tatu wanaodai marejesho watakuja kubeba godoro na televisheni hawezi kukaa kwanza atakase nia ndipo apige magoti. Anapiga magoti hivyohivyo. Hana alifika Shilo akitaka mtoto, Bartimayo akapaza sauti kando ya njia akitaka kuona, na hakuna aliyefukuzwa.

Hata Sala ya Bwana ina mkate ndani yake. Ila mkate ni ombi la nne: jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake vinatangulia. Nikiongoza maombi nafuata mpangilio huo, na nimeona unavyomtuliza mtu kabla hajafika kwenye deni lake.

2. Nia inajulikana kwa jinsi jirani anavyotajwa

Nyumba nyingi za huku ni za kupanga: vyumba vinatazamana kwenye korido moja na kuta hazifiki juu. Mtu akiomba saa nane za usiku, nyumba nzima inamsikia. Dada mmoja wa jumuiya yetu, muuza chapati, aliambiwa kwenye mkesha wa mahali fulani kwamba kila shida ina mtu nyuma yake. Biashara yake ilikuwa imedorora, kwa hiyo akaanza kuamka usiku kumwombea mabaya adui aliyemfunga. Jina hakulitaja. Alisema tu "anayekaa barazani kwangu kila asubuhi", na barazani pale alikaa mtu mmoja, mama wa Kiislamu anayeuza maandazi, ambaye chumba chake kinapakana na cha huyo dada.

Asubuhi moja walikutana bombani. Yule mama hakupiga kelele. Akamuuliza, "Mwenzangu, mbona usiku unanisema kwa Mungu? Kama nimekukosea, si ungeniambia?"

Dada alikuja kwangu analia. Tulikwenda wote kuongea na yule mama, tukakalishwa kwenye mkeka, tukapewa chai na maandazi yaleyale. Ilichukua muda mfupi tu kugundua kwamba hata yeye alikuwa haambulii kitu tangu karakana ya jirani ilipohama na mafundi wake wote. Wateja wa wote wawili walikuwa walewale. Mchawi hakuwepo.

Tangu hapo, mtu akiniletea ombi la kumwangusha fulani, namuuliza kama anaweza kuliomba huyo fulani akiwa amekaa hapa anasikia. Wengi hunyamaza, halafu wanaanza kuniambia shida yenyewe: dharau, deni, ndoa inayoyumba. Hiyo ndiyo ninayoandika. Yesu aliagiza mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende akapatane kwanza na ndugu yake, na mimi naona agizo hilo linagusa maombi ya usiku moja kwa moja.

3. Baraka ya kugombea inamgeuza jirani kuwa kikwazo

Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, mtumishi wa KKKT yetu hii. Kikombe kilikuwa shilingi 500, hata maskini alikimudu. Nauli ndiyo iliyowamaliza watu. Walikwenda wagonjwa waliokata tamaa, na siwalaumu. Kisha tarehe 1 Februari 2020, kwenye mkutano wa maombi uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita kwenye mafuta ya upako.

Marehemu wale walikwenda na haja za kweli, na wengine huenda walibeba haja za watoto wao. Siandiki haya kuwahukumu. Ninachokiogopa ni mafundisho yanayoiweka baraka mahali pamoja, kwa dakika chache, kwa atakayewahi. Mtu akishaamini hivyo, aliye mbele yake anamzuia asibarikiwe. Sala ya namna hiyo imeshaharibika kabla ya kutamkwa, hata kama muombaji ni mtu mwema.

4. Kuna wanaokuja bila kulipwa chochote

Swali la Shetani kwenye kitabu cha Ayubu ni zito: je, huyu anamcha Mungu bure? Linanijia kila ninaposikia sadaka ikihubiriwa kwamba ukipanda hiki utavuna kile, maana hata kwa mganga makubaliano ni hayohayo.

Kwenye jumuiya yetu yupo mzee mstaafu wa bandarini. Mkewe amelala kitandani kwa miaka sasa. Anawahi kuliko vijana, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa uzi mkono mmoja. Nikimuuliza, "Baba, leo tuandike nini?" anasema, "Lilelile. Na uandike shukrani, tumeamka." Akimaliza anauliza vipi yule kijana aliyekuwa anatafuta kazi. Anayakumbuka mahitaji ya wenzake kuliko mimi mwenye daftari. Ayubu naye, kadiri ya kitabu chake, alirudishiwa mali zake alipowaombea rafiki zake, walewale waliomsimanga. Mzee huyu hajarudishiwa kitu ninachokiona mimi, na bado anaomba.

5. Akili ikitangatanga, irudishe

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Petro, jinsi ya kusali, akamkumbusha kwamba kinyozi anayepiga soga huku macho yakizurura anaweza kumkata mtu pua. Vijana wa saluni za Rangi Tatu wanalielewa hilo bila maelezo. Simu izimwe wakati wa maombi, basi.

6. Nia ya mwenzangu siwezi kuisoma kwenye mahudhurio

Nilianzisha safu ya "yaliyojibiwa" daftarini. Haikupita muda nikaona jambo linalouma: baadhi ya waliojibiwa hawakuonekana tena. Wajumbe wakaanza kutaja wale kumi wenye ukoma ambao ni mmoja tu aliyerudi kushukuru. Nilikataa tuseme hivyo kabla ya kuwafuata.

Mmoja wao alikuwa binti tuliyemwombea kazi karibu mwaka mzima. Nilipompigia simu aliniambia amepata kazi ya dukani Bunju, huko mwisho wa Kinondoni, na amehamia kwa shangazi yake Boko. Jumamosi ni siku ya kazi kwake. Jumapili anasali ibada ya kwanza usharika wa huko, kisha anaingia zamu. Nikamuuliza ana ombi gani. Akasema, "Mama katibu, niandikie bosi wangu. Mtoto wake yuko Muhimbili na hana hata hamu ya kula." Jumamosi iliyofuata yule mzee wa bandarini ndiye aliyeliomba hilo.