Kutia Nyaya Mpya za Umeme katika Motokaa ya Kale

Motokaa ya Ford iitwayo Model A ilianza kuuzwa Marekani mwezi wa Desemba, mwaka 1927, na kazi ya kuitengeneza ikakoma mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika muda huo zilitoka zaidi ya milioni 4, na nyingi za zile zenye usukani upande wa kuume zilitengenezwa Canada, zikapelekwa katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Hata leo ziko zinazokwenda barabarani, kwa kuwa injini yake ni chuma kizito kisicho na mambo mengi, na mtu mwenye subira aweza kuifufua. Lakini nyaya za umeme hazidumu kama chuma, na habari za nyaya hizo ndizo tunazotaka kuwaeleza wasomaji wetu.

Nyaya za asili zilikuwa za shaba nyekundu, zimevikwa mpira, na juu ya mpira zimesukiwa kitambaa cha pamba. Mpira ukipata joto la injini miaka na miaka hukauka ukawa mgumu kama gome la mti, na ukikunjwa hupasuka. Kwa nje kitambaa chaonekana kizima, na hiyo ndiyo hila yake, maana ndani shaba iko wazi, yangoja kugusa bati.

Na tuangalie sasa mahali zinapopita. Tangi la petroli la motokaa hii haliko nyuma wala chini. Liko mbele ya dereva, juu ya magoti yake, kati ya injini na kioo, na bati lake la juu ndilo sehemu ya mwili wa gari. Huchukua lita 38 hivi, yaani kama madebe mawili, na petroli hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe, bila pampu. Kibao cha saa kimefungwa katika tangi hilohilo. Saa ya umeme, yenye mshale wa kuonyesha kama betri yapata au yatoa, ina parafujo mbili kwa nyuma ambazo daima zina umeme, na nafasi kati yake na bati ni ndogo sana. Tena kiwanda hakikutia fyuzi hata moja. Basi mtu afungaye utepe juu ya waya uliooza, akasema ametengeneza, amekaa na kiberiti chini ya madebe mawili ya petroli. Nyaya za namna hii hazitiwi viraka, hutolewa zote.

Kabla ya kushika koleo yapasa kujua njia ya umeme. Umeme hauendi mahali ila uwe na njia ya kurudi. Katika Model A betri ni ya volti 6, na upande wake wa chanya ndio uliofungwa kwenye chasisi, kinyume cha motokaa nyingi za siku hizi. Upande wa hasi hutoka kwa waya mnene hadi swichi ya starta. Kutoka hapo waya mwembamba zaidi hupanda hadi kisanduku chenye parafujo mbili kilicho katika ukuta wa injini, huenda kwenye saa ya umeme, kisha hurudi kwenye parafujo ya pili. Hapo ndipo dainamo, koili na taa hupata mahali pa kuungana. Kurudi kwake betrini hakuna waya: chuma chote cha gari ndicho njia.

Jambo la volti 6 huwadanganya mafundi wengi waliozoea magari mapya. Taa mbili za mbele za wati 36 kila moja ni wati 72. Gawanya kwa volti 6, utapata ampea 12. Katika gari la volti 12 taa za wati zizo hizo zataka ampea 6 tu. Sasa chukua waya wa shaba wa milimita mraba 1, urefu wa mita 4, uzilishe taa zote mbili. Ukipitisha ampea 12, volti 0.8 hivi zitapotea njiani, nazo katika volti 6 si kidogo: mwanga hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ukitumia waya wa milimita mraba 2.5, hasara haizidi volti 0.35. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii ubaoni. Kwa sababu hiyohiyo waya wa starta uwe mnene kama kidole. Zile nyaya za betri zinazouzwa kwa magari ya volti 12 ni nyembamba mno, na mwenye gari huishia kuilaumu starta isiyo na kosa.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua betri, na waya unaofunguliwa kwanza ni ule wa chasisi, yaani wa chanya. Ukianza na ule mwingine, na spana yako ikagusa chuma cha gari, cheche zitaruka papo hapo. Ni vema pia kuteremsha petroli yote katika tangi na kuiweka mbali na nyumba. Kisha usikate kitu. Funga kikaratasi katika kila ncha ya kila waya, uandike kilikotoka na kinakokwenda, ukachore ramani katika daftari. Ukiisha, toa nyaya zote kwa pamoja, uzilaze juu ya sakafu kama zilivyokuwa garini, ndipo ukate mpya kwa kipimo chake. Wako wauzao nyaya zilizokwisha kufungwa tayari, zenye kitambaa cha pamba kama za kale, lakini hata hizo zipimwe kwanza na zile kuukuu. Ncha zifungwe vijicho vya shaba na kutiwa lehemu, na kila tundu la bati ambamo waya unapita litiwe pete ya mpira, kwa maana ukali wa bati na mtikisiko wa barabara hufanya kazi ya msumeno. Nyuma ya saa ya umeme weka kipande cha mpira au ngozi kavu, parafujo zile zisiweze kugusa kitu.

Hapa twafika penye kuwasumbua watu kuliko pote, napo si kwenye nyaya. Mtu amekwisha kulipaka gari lake rangi nzuri, ametia nyaya mpya, amewasha taa, na moja yang'aa, nyingine ni nyekundu kama kaa la moto. Hutoa balbu, hubadili swichi, wala hapati dawa. Sababu ni rangi. Taa imefungwa katika nondo yake, nondo katika bamba la gurudumu, bamba katika chasisi, na kila kimoja kimepakwa rangi pande zote, hata umeme hauna njia ya kurudi. Washa taa, uweke ncha moja ya kipima volti kwenye ganda la balbu na ya pili kwenye chanya ya betri. Ukiona zaidi ya volti 0.2, njia ya kurudi ni mbaya. Kwangua rangi chini ya nati mpaka chuma king'ae, upake grisi kidogo kuzuia kutu, au, na hili ndilo tunalolipenda sisi, pitisha waya wa kurudi kutoka kila taa hadi chasisi. Hauonekani kwa nje, wala hauharibu sura ya kale.

Fyuzi, ingawa kiwanda hakikuitia, nasi twaona ni lazima. Mahali pake ni pale kwenye swichi ya starta, mwanzo wa ule waya unaopanda. Wengi hutumia ya ampea 20 au 30. Lakini ijulikane ya kuwa fyuzi hiyo ikikatika injini ikiwa yazunguka, dainamo haina tena betri ya kuituliza, na volti hupanda hata kuunguza balbu. Ukiona taa zimeng'aa kupita kiasi ghafula, zima injini mara moja.

Nyaya zikiwa tayari, usifunge betri moja kwa moja. Zima kila kitu, kisha weka balbu ndogo ya volti 6 kati ya betri na waya wake. Ikiwaka, umeme wavuja mahali. Tafuta mpaka izimike. Ikiwa haiwaki, funga betri, na kabla ya kuwasha injini gusisha waya mfupi kwa nukta moja kati ya vichwa viwili vya katauti, ile swichi ndogo iliyo juu ya dainamo, ili dainamo ijifunze tena upande wake wa chanya na hasi. Pasipo kufanya hivyo yaweza kutoa umeme kinyume na kuunguza katauti. Halafu washa taa injini ikiwa imezimwa: mshale uende upande wa kutoa. Ukienda upande wa kupata, nyaya mbili za saa zimepishana, zibadili. Mwisho ziache taa zikiwaka robo saa, ukapapase kila waya na kila kiungo kwa mkono. Palipo na joto, fungua, usafishe, ufunge upya.