Ukuta Mmoja, Majirani Wawili

Huko juu Kilimanjaro, kihamba na kihamba hutengwa na migomba na masale. Mjini Moshi, katika nyumba za ghorofa, jirani na jirani hutengwa na ukuta tu. Redio ya huyu humnyima usingizi mtoto mgonjwa wa yule. Kanuni za Serikali za mwaka 2015 zakataza kelele za kupita kiasi, nasi yatupasa kuzitii. Lakini kabla ya kushtaki, tufuate Injili ya Mathayo, sura ya 18: tumwendee ndugu aliyetukosea, sisi naye peke yetu. Naye aliyekosa asione haya. Kwa Wachagga, isale huonyesha mpaka, na jani lake huomba msamaha. Basi, tuishio ghorofani tusiuache mpaka bila msamaha.