Kano ya Kisigino Ikiuma: Tiba Inayoanzia Kwenye Ngazi ya Nyumba

Hatua chache za kwanza baada ya kuamka ndizo humjulisha mtu kwamba kano yake ya kisigino ina shida. Mguu umekakamaa, nyuma juu ya kisigino panauma, mtu anachechemea hadi jikoni. Akitembea kidogo maumivu yanapungua, naye anasahau mpaka jioni yanaporudi. Katika Elgeyo Marakwet hali hii si ngeni. Huwapata vijana wanaokimbia Iten alfajiri, wanaopanda na mizigo kutoka Bonde la Kerio, na hata wale wanaoshinda shambani wakiwa wamevaa ndara bapa.

Kano hiyo ni kamba nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Hakuna kano nyingine mwilini iliyo nene na yenye nguvu kama hiyo, na mtu anapokimbia hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Lakini damu inayoifikia ni kidogo kuliko ile ya misuli, kwa hiyo hujirekebisha polepole. Shida huanza kazi inapoongezwa ghafla: mkimbiaji aliyeanza kupanda mlima wa Fluorspar kila wiki bila kuuzoea, au mkulima aliyepumzika msimu mzima kisha akarudi kulima kwenye mteremko. Kano hunenepa, na ikibanwa kwa vidole viwili inauma.

Wengi hukimbilia mapumziko kamili. Maumivu hupungua kweli, ila kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika, na siku mtu anaporudi kazini maumivu yanamsubiri. Vidonge vya maumivu navyo hutuliza bila kuiongezea kano nguvu. Sindano ya steroidi ndani ya kano yenyewe ni ya kuogopwa zaidi, maana inaweza kuidhoofisha hadi ikatike.

Njia iliyobadilisha matibabu ilitoka Uswidi. Daktari wa mifupa Håkan Alfredson, aliyekuwa na maumivu hayo mwenyewe, amesimulia kwamba aliomba apasuliwe, mkubwa wake wa kazi akakataa. Basi akaamua kuitesa kano yake kwa mazoezi mazito mpaka iharibike kabisa, ili upasuaji usiwe na ubishi. Badala ya kuharibika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya mazoezi hayo kwa wiki 12, na wote walirudi kukimbia kama zamani.

Zoezi lenyewe halihitaji jimu. Mtu husimama kwenye ngazi au tofali lisilotikisika, sehemu ya mbele ya nyayo ikiwa juu yake na visigino vikiwa hewani, akishika ukuta au fremu ya mlango. Hujiinua kwa miguu yote miwili, kisha huhamishia uzito kwenye mguu unaouma na kukishusha kisigino chake polepole, kwa hesabu ya tatu au nne, hadi kipite chini ya ukingo wa ngazi. Hapandi tena kwa mguu huo. Mguu mzima ndio humsaidia kurudi juu. Kushuka polepole ndiyo dawa, na anayeshuka kwa haraka anapoteza muda wake. Hufanya mara 15, apumzike dakika moja au mbili, arudie hadi raundi tatu goti likiwa limenyooka. Kisha raundi tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu kuna msuli wa ndani wa shavu la mguu unaofanya kazi zaidi goti likikunjwa. Hivyo asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Anayeona ni mengi mno aanze na raundi moja na kuongeza taratibu. Likishakuwa rahisi, avae mkoba mgongoni wenye pakiti mbili za unga za kilo 2, na baadaye aongeze.

Ikiwa panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, wala si sentimita chache juu yake, zoezi lifanyiwe sakafuni na kisigino kisishuke chini ya usawa wa nyayo. Kukivuta chini zaidi huigandamiza kano kwenye mfupa.

Maumivu kiasi wakati wa zoezi si dalili ya hatari. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, yasizidi 5, na yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Mguu ukiamka mgumu kuliko jana, mzigo upunguzwe.

Kukanda husaidia kulegeza misuli iliyokaza, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi. Mtu aketi, apake mafuta kidogo, akande shavu la mguu kwa vidole gumba kutoka juu ya kisigino kuelekea goti kwa dakika tano hivi. Chupa iliyojaa maji au kijiti cha kusukumia chapati kinaweza kuviringishwa juu ya msuli. Kano yenyewe ikiwa imevimba na ina moto isisuguliwe kwa nguvu. Wanaokandwa mpaka walie huishia kuichokoza zaidi.

Kuna hali zisizosubiri mazoezi. Aliyesikia mlio au kuhisi kama amepigwa teke nyuma ya mguu, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, huenda kano imekatika, na anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo. Shavu la mguu mmoja likivimba, likiwa na joto na kuuma hata mtu akiwa amelala, huenda damu imeganda ndani, na hapo asilikande kabisa. Vilevile anayetumia dawa iliyoandikwa ciprofloxacin au levofloxacin kwenye pakiti, kano ikaanza kumuuma, amrudie haraka mhudumu wa afya aliyempa, kwani dawa hizo zinajulikana kuweza kudhuru kano, hasa kwa waliozidi miaka 60 au wanaotumia steroidi.

Wakati wa mazoezi, viatu vyenye kisigino kilichoinuka kidogo humpunguzia mtu maumivu kuliko ndara. Mkimbiaji arudi kwanza kwenye barabara tambarare, siku moja akimbie na nyingine apumzike. Milima iwe ya mwisho. Kano inaweza kubaki nene hata maumivu yakiisha, na hilo lisimtishe. Wiki 12 zikipita bila nafuu, aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya kaunti ndogo, na abebe viatu anavyovaa kila siku ili navyo vikaguliwe.