Mnyoo Asiye na Mdomo: Tafakari Kutoka Kilindi cha Bahari



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba tushuke baharini. Chukua Biblia yako, fungua Lk 5:1-11 na Yn 15:1-8. Soma taratibu, kisha urudi hapa tuendelee.

Kwanza nikuambie ukweli wangu. Mwaka juzi, baada ya kumzika bibi aliyenilea, nilikaa karibu miezi minane bila kusali. Kanisani nilikuwa naenda kila Jumapili, kwa sababu niko kwaya. Naimba sauti ya pili, naimba kwa nguvu, waamini wanafurahi, lakini ndani kukavu kabisa. Ukifika muda wa Komunyo nabaki kwenye benchi, najifanya napanga karatasi za nyimbo. Nilishajihukumu mwenyewe: huku ndani hakuna kitu tena, imani imekufa.

Kilichonifungua macho hakikuwa mahubiri. Ilikuwa ni habari ya mnyoo.

1. Kosa la kupima kina kwa wavu mfupi

Miaka ya 1841 na 1842 Mwingereza mmoja, Edward Forbes, alikuwa akichunguza viumbe wa bahari ya Aegea, kule kati ya Ugiriki na Uturuki. Alikokota chombo chini ya bahari na kuhesabu kilichopanda. Akaona kwamba kadiri anavyokwenda chini, viumbe wanazidi kupungua. Akahitimisha kuwa ukishuka kama mita 550 hivi, uhai unakoma. Chini ya hapo ni giza, baridi na mauti tu.

Forbes hakuwa mjinga, alikuwa mtaalamu aliyeheshimika. Lakini kumbe sehemu ile ya bahari ina chakula kidogo kuliko bahari nyingine nyingi, na chombo chake hakikuwa kizuri kwa kazi ile. Alichukua alichokipata mahali pamoja akakifanya kuwa sheria ya bahari zote. Baadaye meli ya Challenger ilizunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876, ikashusha nyavu kilomita kadhaa chini, na viumbe wakapanda. Uhai ulikuwepo siku zote. Wavu ndio haukuwa umefika.

Hebu jiulize: ni mara ngapi wewe na mimi tunafanya kosa hili hili? Tunasali dakika mbili huku simu iko mkononi, hatusikii chochote, tunasema Mungu hayupo. Simoni Petro naye alikuwa amekesha usiku kucha bila kupata kitu. Yesu hakumwambia abadilishe kazi. Alimwambia aende kilindini.

2. Uhai pale ambapo hakuna aliyeutegemea

Sasa twende mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki. Wanasayansi walishuka kwa nyambizi ndogo iitwayo Alvin hadi kina cha mita kama 2,500. Walikuwa wataalamu wa miamba, wakitafuta chemchemi za maji ya moto chini ya bahari. Viumbe hai hawakuwa kwenye mpango wao kabisa. Hata dawa ya kutosha ya kuhifadhia viumbe hawakuwa nayo, baadhi wakawahifadhi kwenye vodka!

Chemchemi walizipata. Lakini pembeni yake, kwenye giza lile, wakakuta chaza wakubwa, kome, kaa, na minyoo mirefu inayoishi ndani ya mirija myeupe, vichwa vyekundu kama damu. Mingine hukua hadi kuzidi mita moja na nusu, yaani urefu wa mtu. Mwanga wa jua haufiki kule. Na maji yale yana kemikali yenye sumu, ile inayonuka kama yai viza.

Kilichowasumbua zaidi wataalamu ni hiki: mnyoo yule akishakomaa hana mdomo. Hana utumbo. Sasa anakula nini?

Aliyefungua fumbo lile alikuwa kijana, mwanafunzi wa Harvard aitwaye Colleen Cavanaugh, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1981. Ndani ya mwili wa mnyoo mna bakteria wengi mno. Mnyoo anavuta hewa na ile sumu kutoka kwenye maji kwa kile kichwa chekundu, anawapelekea bakteria, nao wanatumia nguvu iliyomo kwenye sumu kutengeneza chakula. Mnyoo analishwa kutoka ndani.

3. Kaeni ndani yangu

Niliposoma hayo nilinyamaza kwa muda. Yaani kuna kiumbe hana mdomo, yuko gizani, amezungukwa na sumu, lakini anaishi. Anaishi kwa sababu ya anayekaa ndani yake.

Yesu katika Yn 15 anatumia mfano wa mzabibu na matawi. Tawi halijilishi lenyewe, linapokea. Mtume Paulo naye anawaambia Wagalatia kwamba anayeishi si yeye tena, bali Kristo ndani yake (Gal 2:20). Mimi nilidhani imani ni mdomo wangu: nikiweza kusema sala nzuri, nikiimba vizuri, basi ninayo. Mdomo ulipofungwa na msiba, nikajiona nimekufa. Kumbe tangu Ubatizo kuna Aliyefanya makao ndani yangu, na yeye hakuhama siku tulipomzika bibi.

Tuelewane hapa, rafiki. Sisemi dhambi au uchungu ni kitu kizuri. Sumu inabaki kuwa sumu, na mnyoo yule peke yake hawezi kuigeuza kuwa chakula. Anachofanya ni kuipeleka kwa wale wanaoweza. Na sisi tunafanya vivyo hivyo kwenye Sakramenti ya Kitubio: tunampelekea Kristo kile ambacho sisi wenyewe kingetuua. Yeye aliyeufanya msalaba kuwa mti wa uzima anajua la kufanya nacho.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Nilimwambia Padre nimesahau namna ya kusali. Akanijibu kwa upole, "Basi, mwanangu, nenda ukae tu mbele ya Tabernakulo. Usiseme kitu." Nikakaa. Sitakudanganya kwamba nilitoka nikirukaruka. Nilikaa kimya kama nusu saa, nikalia kidogo, nikaenda nyumbani. Lakini kesho yake nilitoka kwenye benchi na kupokea Komunyo. Ukavu haukuisha siku ile, ulichukua miezi. Ila sikuuita tena kifo.

Mpaka leo sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haijapimwa vizuri na vyombo vya kisasa. Kule kuna viumbe ambao hakuna binadamu aliyewaona, nao wanamtukuza Muumba wao (soma Dan 3:79). Kama Mungu amejaza uhai hata kwenye kilindi kile, usiharakishe kutangaza kwamba moyo wako ni kaburi.

Ya kutafakari wiki hii

- Ni eneo gani la maisha yangu nimeshalitangaza kuwa limekufa? Nilipima kwa wavu gani?
- Ni sumu gani nimeificha ambayo napaswa kuipeleka kwenye kitubio?
- Je, naweza kukaa dakika 15 mbele ya Ekaristi Takatifu, simu imezimwa, bila kusema neno?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe unajua kina changu kuliko mimi. Mahali nisipoweza kufika, wewe upo. Mdomo wangu ukishindwa kusali, baki ndani yangu unilishe. Nipe ushusubutu wa kwenda kilindini na kukuletea hata uchungu wangu. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.

Kama una rafiki aliyeacha kupokea Komunyo, usimhukumu. Mtafute, kaa naye, siku moja mwambie habari ya mnyoo huyu.