Kuutembelea Mji kwa Fedha Kidogo

Wenzetu wengi hapa Rumonge hudhani kwamba kuuona mji wa Bujumbura ni kazi ya matajiri. Sivyo. Ni safari ya kilomita zipatazo 70 tu kandokando ya ziwa.

Kabla ya kuondoka, tenga nauli ya kurudi, uifunge katika kitambaa peke yake. Mimi niliwahi kuila kwa maandazi, nikarudi usiku juu ya magunia, na nyumbani nilipokelewa kwa maneno makali.

Njiani yafaa kushuka Mugere, ingawa utalipa nauli mara mbili. Hapo pana jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Watu husema ndipo walipokutana kwanza. La, walikutana Ujiji, wakaja huku kwa mtumbwi. Walikuta mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, basi si chanzo cha Naili.

Mjini nenda Buyenzi kwa miguu. Huko utauliza bei kwa Kiswahili, na wali kwa ndagala utakushibisha. Saa tisa uwe umekwisha kufika stendi.